Kuchagua na kuchaguliwa: mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana hiari gani?

Sikiliza namna tunavyowazungumzia wanafunzi wetu. Januari ikifika majirani huulizana, "Wako ameitwa wapi?" Jibu huwa, "Amechaguliwa shule fulani," au kwa uchungu, "Wamempeleka huko mbali na hata hatukuwa tumeijaza." Mtoto huitwa, huchaguliwa, hupangiwa, hupelekwa. Akishafika huko hufundishwa, hukaguliwa, hutahiniwa, hupewa alama. Kauli ya kutendwa, ile tunayowafunza vijana kuitambua kwa kiambishi -w-, ndiyo inayoandika maisha ya mwanafunzi wa Kenya tangu chekechea hadi atakapotoka sekondari. Watenda ni wengine: wizara, mwalimu, mzazi, Baraza la Mitihani.

Lugha yenyewe haijamsaidia sana. Methali zetu zina shaka na mtu anayechagua. Mchagua jembe si mkulima. Mchagua nazi hupata koroma. Mtoto aliyelelewa kwa hekima hiyo hujifunza mapema kwamba kuchagua ni dalili ya uvivu au ya maringo, na kwamba mtu wa maana huchukua alichopewa akanyamaza. Tunayo pia ile isemayo hiari yashinda utumwa, lakini hiyo aghalabu tunaitumia kumsihi mtu alifanye kwa moyo mweupe jambo ambalo tumeshaamua kwamba atalifanya.

Kwa hivyo neno kuchagua lilipoanza kusikika kila mahali mwaka jana, nilitega sikio. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, zaidi ya watoto milioni moja, lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025, na Januari hii likafungua Gredi ya 10. Kila mmoja alitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao kila mtu anauita STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kisha achague mseto wa masomo matatu. Kisha achague shule 12. Hatimaye, tuliambiwa, mtoto wa Kenya amepewa nafasi ya kuamua atakachosoma.

Dai hilo nalihakiki leo kama ninavyohakiki matini nyingine yoyote, kwa kutazama kilichosemwa na kile kilichokaa kimya ndani yake.

Tuanze na hesabu, maana ni fupi. Mwanafunzi wa sekondari ya juu ana masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na lile somo la kuihudumia jamii. Hisabati hapo mwanzo haikuwa ya lazima kwa wote. Ilirudishwa Aprili 2025 baada ya kelele za wazazi na wadau, ikagawanywa mara mbili, nzito kwa walio katika STEM na nyepesi kwa wengine. Yanabaki matatu, nayo hayachumwi popote mtoto apendapo. Yamekwisha kufungwa kwa mafungu, na shule hufundisha mafungu ambayo ina walimu na vifaa vyake. Ukitaka muziki na shule iliyo karibu nawe haina mwalimu wa muziki, mjadala umekwisha.

Sina ugomvi na hayo. Shule ni mali, na mali ina mipaka. Kinachonikera ni takwimu nyingine iliyotangulia uchaguzi wenyewe. Wapangaji wa elimu walishakadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Sasa fikiria mpishi wa arusi aliyekwisha kupika wali wa kuwatosha wageni 60 kati ya 100, ugali wa 25 na viazi vya 15. Akipita mezani na daftari kuwauliza wageni wangependa kula nini, anatimiza adabu tu. Jibu limo sufuriani.

Kiswahili kina maneno mawili hapa na tunayachanganya. Kuchagua ni kazi ya anayetaka kitu. Kuteua ni kazi ya mwenye mamlaka juu ya kitu. Rais huteua mawaziri, wala hatusemi mawaziri wamejiteua. Kilichofanyika kwa watoto wetu, kwa sehemu kubwa, ni uteuzi uliovishwa kanzu ya uchaguzi. Serikali ina haki ya kuteua, kwani ndiyo inayojenga maabara na kuajiri walimu, na nchi inahitaji wahandisi. Iseme tu hivyo.

Hata istilahi yenyewe inajisema. "Mkondo" ndilo neno lililoshika kwa kile ambacho Waingereza wanaita njia ya kupita. Neno hili tayari lilikuwa na kazi shuleni, maana darasa likiwa kubwa tuliligawa mikondo, Mashariki na Magharibi, na hakuna mtoto aliyewahi kuuchagua mkondo wake. Nje ya shule, mkondo ni maji yaendayo kasi, na aliyetumbukia humo haulizwi anaelekea wapi. Jirani zetu wa Tanzania wana "mchepuo", kutoka kuchepuka, yaani kutokeza kando kama chipukizi kwenye shina. (Msomaji wa Dar es Salaam atacheka hapa, kwa sababu mchepuko kwao mitaani ni kipenzi cha pembeni.) Wana pia "tahasusi" kwa mseto wa masomo ya kidato cha tano na sita, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya mtu kujihusisha na jambo moja mahususi. Katika tahasusi kuna mtu anayetenda. Katika mkondo kuna maji tu. Sidai kwamba neno huumba sera, ila watu huchagua maneno yanayofanana na mawazo yao, hata pale ambapo hawakusudii.

Tuseme hata hivyo kwamba hayo yote yamerekebishwa: mafungu yamefunguliwa, kila shule ina mwalimu wa muziki, na asilimia zimefutwa. Je, mtoto atakuwa amepata hiari? Nadhani bado. Uchaguzi tuliompa ni wa mara moja, wa jambo kubwa mno, na unamjia katika umri wa miaka 14 au 15 baada ya miaka tisa ya kutochagua hata dogo. Hakuwahi kuchagua hadithi ya kusoma, wala mada ya insha, wala kama ataeleza alichoelewa kwa maandishi, kwa mdomo au kwa mchoro. Hata rangi ya soksi hakuchagua. Halafu asubuhi moja anaambiwa: haya, chagua maisha. Ni kawaida kwamba fomu inajazwa na baba, au na mwalimu mwenye haraka, au na mjomba aliye na kazi Nairobi. Kuchagua ni stadi, kama kuogelea. Haifunzwi kwa kumtosa mtu katikati ya bahari.

Mahali pa kuifunzia ni ndani ya somo, na hapa ndipo sisi watu wa Kiswahili tunapopaswa kuitazama nyumba yetu. Hadhi ambayo Kiswahili kinayo katika shule za Kenya hakikuipata kwa kupendwa na wanafunzi. Kiliipata kwa lazima. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 mwanafunzi wa sekondari angeweza kukipita Kiswahili bila kukitupia jicho. Tume ya Mackay ilipendekeza mwaka 1981 kiwe cha lazima na kitahiniwe, mfumo mpya ukaanza 1985, na tangu hapo vitabu vikauzwa, walimu wakaajiriwa, idara vyuoni zikajaa. Makala kama hii ina wasomaji kwa sababu kizazi kizima kililazimishwa. Mimi siwezi kuikashifu lazima hiyo. Iliikoa lugha ambayo waliosoma walikuwa wakiiona kuwa ya jikoni na ya gereji.

Lakini lazima ina deni lake. Tulipohakikishiwa wasomaji, tuliacha kuwatafuta. Tazama darasa la fasihi. Kwa muda wa miaka kadhaa, kila mtahiniwa wa KCSE kutoka Lodwar hadi Lamu husoma riwaya moja, tamthilia moja na diwani moja ya hadithi fupi, zilezile. Kwa miaka mingi ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Kigogo ya Pauline Kea na Tumbo Lisiloshiba; kisha zikaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na Mapambazuko ya Machweo. Ni kazi nzuri, na baadhi yazo ni nzuri sana. Zinachouawa nacho ni namna zinavyosomwa. Karibu na kila kitabu kuna mwongozo, na karibu na mwongozo kuna makaratasi ya maswali ya majaribio yenye majibu. Kijana hukutana na maudhui kabla ya kukutana na wahusika. Anajua kwamba kinaya kimo ukurasa fulani lakini hajui ni nini kilichomchekesha au kumuudhi. Na mwalimu akithubutu kuongeza neno ambalo halimo mwongozoni, mkono unainuliwa nyuma ya darasa: "Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?"

Swali hilo tunalicheka kwenye vyumba vya walimu. Tungelisikiliza vizuri lingetutisha. Mwanafunzi anauliza kama ana ruhusa ya kutosikiliza.

Ni kweli karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, ina uchaguzi ndani yake. Swali la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa anachagua matatu mengine kutoka sehemu zilizosalia, bila kujibu mawili ya sehemu moja. Karatasi ya insha nayo ina swali moja la lazima na moja la kuchagua kati ya matatu. Lakini muulize mwalimu yeyote uchaguzi huo hutumiwaje. Kwa kuwa sehemu moja inaweza kuachwa kabisa, wapo wanaoanza kuikimbia miaka miwili kabla ya mtihani, na aghalabu inayokimbiwa ni ya ushairi. Wapinzani wa hiari hulitumia jambo hili kama ushahidi: mnaona, mkiwapa nafasi wanachagua kutoroka! Mimi nalisoma kinyume. Asiyewahi kupewa nafasi ya kuchagua akipendacho atatumia nafasi ya kwanza aliyopewa kuepa akichukiacho. Ndivyo afanyavyo mfungwa mlango ukiachwa wazi. Humlaumu kwa kutobaki kusoma maktabani.

Sasa mambo yamebadilika chini ya miguu yetu. Katika sekondari ya juu Kiswahili kimebaki somo la lazima, lakini Fasihi ya Kiswahili imewekwa peke yake, somo la hiari katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Inashindania wanafunzi na Fasihi ya Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, Kichina, Historia, Jiografia na Biashara. Kwa mara ya kwanza tangu 1985 fasihi yetu iko sokoni. Wenzangu wengi wanaomboleza, na naelewa kwa nini: kuna mishahara, kuna mirabaha, kuna nafasi za ualimu. Wengine wana hoja nzito zaidi, kwamba kijana atakayekuwa daktari naye anahitaji kusoma riwaya, pengine kuliko yule atakayekuwa mhakiki. Naikubali hoja hiyo. Ila nauliza: yule daktari tuliyemlazimisha kukariri maudhui ya vitabu vitatu, amesoma riwaya ngapi za Kiswahili tangu alipoweka kalamu chini ukumbini?

Kwa maoni yangu, hatari kubwa haiko katika hiari iliyoletwa. Iko katika uwezekano wa kuichukua hiari hiyo mlangoni na kuendesha darasa lilelile ndani. Kijana atachagua Fasihi ya Kiswahili kwa moyo wake wote, ataingia, na atakuta vitabu alivyochaguliwa, mwongozo aliochaguliwa, na majibu aliyochaguliwa. Huyo hataleta mdogo wake.

Kwamba lingewezekana kufanywa tofauti, hatuna haja ya kwenda Ulaya kulitafutia mfano. Tuvuke Namanga tu. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likichapisha ndani ya karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne orodha ya vitabu kwa kila utanzu. Katika riwaya kulikuwa na Takadini, Watoto wa Maman'tilie na Joka la Mdimu. Katika ushairi Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka. Vivyo hivyo katika tamthilia. Swali haliulizi Bwana fulani alifanya nini katika sura ya nne. Linaibua jambo, kisha linamtaka mtahiniwa alijadili kwa kutumia vitabu viwili kati ya alivyosoma. Hivyo shule ya Kigoma na shule ya Tanga zinaweza kuwa zimesoma vitabu tofauti na zikafanya mtihani mmoja.

Sitaki kuupaka asali mfumo huo. Orodha ilikaa bila kubadilishwa hadi ikaota kutu, anayechagua vitabu mara nyingi ni mwalimu na si mwanafunzi, na swali pana huzaa ugonjwa wake, yaani hoja za kukariri zinazoweza kubandikwa juu ya kitabu chochote. Lakini unathibitisha jambo moja ambalo huku kwetu hutajwa kama muujiza: kwamba mtihani wa taifa, kwa Kiswahili, unaweza kutungwa na kusahihishwa bila watoto wote kusoma kitabu kimoja.

Najua kinachofuata. "Wewe waandika ukiwa umeketi, mimi nina darasa la watoto 60 na kabati lisilo na kitabu." Ni kweli, na yeyote anayehubiri uhuru wa mwanafunzi bila kumtazama mwalimu huyo anapiga porojo. Kusahihisha insha 60 za mada moja ni adhabu. Za mada 60 ni jehanamu, ingawa nimewasikia walimu wakisema kinyume, kwamba kinachochosha ni kusoma mara 60 sentensi ileile kuhusu madhara ya dawa za kulevya. Hoja nzito zaidi ni ya usawa. Shule yenye maktaba itachagua, shule isiyo nayo itapewa. Kitabu kimoja kwa wote angaa humweka maskini na tajiri kwenye ukurasa mmoja, na huwapa Wakenya kitu cha kuzungumza pamoja. Watu wa rika moja bado hutaniana kwa majina ya wahusika wa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Hilo si jambo dogo katika nchi isiyokubaliana juu ya mengi.

Basi kibaki kitabu kimoja cha wote. Sikatai. Nasema kiongezwe kimoja cha kila mtu. Orodha ya vitabu kumi, vipya na vikongwe, vyembamba na vinene, na mwanafunzi achague kimoja, akisome bila mwongozo, kisha akitetee au akishambulie mbele ya wenzake. Mtaala wa umilisi umeshatoa mlango wa jambo hili, kwa sababu tathmini za shuleni zinahesabiwa. Vitabu kumi vya kuzungushwa darasani ni gharama ndogo kuliko vitabu 60 vya aina moja pamoja na miongozo 60. Katika insha, mwalimu anaweza kutoa umbo na kumwachia mwanafunzi jambo: leo tunaandika barua kwa mhariri, kuhusu nini ni juu yako. Mwanzoni watoto watakodoa macho. Wataomba waambiwe. Wengine wataandika kuhusu kandanda wiki nne mfululizo. Mwalimu atavumilia, maana katika wiki ya tano mmoja ataandika kuhusu mto uliokauka kwao, kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyejua anacho.

Na haya si mageni. Silabasi zetu za zamani zilikuwa na kipengele cha kusoma kwa mapana, na cha matumizi ya maktaba, yaani mwanafunzi ajitafutie matini nje ya vitabu vya kiada. Hakikutahiniwa, kwa hivyo kikafa kimyakimya, na kipindi chake kikapewa mazoezi ya sarufi.

Kiswahili kina kitenzi ambacho nakipenda kuliko vyote katika mjadala huu: kujisomea. Kina kirejeshi -ji- na kina kauli ya kutendea, kwa hivyo ndani ya neno moja mtu anasoma, anajisomea yeye mwenyewe, na kwa faida yake. Nenda ukatazame tulichokifanyia. Katika shule zetu wakati wa kujisomea ni ile saa ya jioni ambapo mwanafunzi huketi kimya kwenye dawati lake, akifanya kazi aliyopewa mchana, huku mwalimu wa zamu akipita dirishani. Akikutwa ameinamia riwaya ambayo haitatahiniwa, riwaya huchukuliwa.

Watoto wa Gredi ya 10 wa leo watafika Gredi ya 12 mwaka 2028. Kabla ya hapo mtu fulani katika Baraza la Mitihani ataketi kutunga karatasi za mfano za Fasihi ya Kiswahili, na walimu wote nchini watazifuata karatasi hizo kuliko watakavyoufuata mtaala wenyewe. Ombi langu kwake ni swali moja tu katika karatasi nzima, la alama 20, litakaloanza kwa maneno haya: Ukirejelea kitabu chochote cha Kiswahili ulichokichagua na kukisoma mwenyewe.